Bi Kadi, Mhesabu wa Mishipa Inayoota Tena

Marehemu dada yetu aliacha maagizo mawili kuhusu wasifu huu. La kwanza, usizidi muda ambao mtu mwenye magoti mabovu anaweza kusimama. La pili, kosa lake kubwa la kazini liandikwe humu, pamoja na tarehe yake. Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma, alimwambia kwamba hajawahi kusikia wasifu wa marehemu wenye kosa ndani yake. Watu wote wakishafariki huwa walikuwa wapole, wakarimu na wachapakazi. Marehemu akamjibu, "Ndiyo maana hakuna anayesikiliza." Dada mkubwa ni mkubwa hata akiwa amelazwa kitandani, kwa hiyo maagizo yamefuatwa. Mwenye kiti na akae, mwenye magoti avumilie kidogo, na kosa litakuja mahali pake.

Alizaliwa Jumanne tarehe 9 Juni 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya mabinti wawili wa karani wa tiketi na mshonaji wa nguo. Baba alikuwa mtu wa ratiba, mama mtu wa uzi na sindano. Mama alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa vifungo vya kila aina, na siku moja, marehemu akiwa na miaka sita, aliamua kumsaidia kwa kuvipanga. Kazi hiyo ilimchukua mchana mzima. Mama aliporudi kutoka dukani, na mteja nyuma yake akitaka kifungo cha bluu, alikuta mafungu mawili sakafuni: vifungo vyenye matundu mawili na vifungo vyenye matundu manne. Alipouliza vya bluu viko wapi, mtoto alijibu kwa fahari kwamba hajui, lakini vya matundu manne viko mia mbili na kumi na saba. Mama alisimulia kisa hicho mpaka uzeeni. Kila alipokisimulia idadi ilibadilika, na kila ilipobadilika marehemu aliisahihisha.

Alianza shule ya msingi Januari 1961, umbali wa dakika kumi kwa miguu ukifuata reli, na akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1968. Masomo yote aliyamudu isipokuwa baiolojia ya vitendo. Siku ya kumpasua chura alizimia kabla chura hajaguswa. Alizinduka ofisini kwa mwalimu mkuu, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama ameandikwa kuwa alihudhuria. Mwalimu wa baiolojia alimwandikia kwenye ripoti kwamba asije akakaribia kazi yoyote inayohusu viumbe wenye damu. Ushauri huo aliufuata nusu. Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ukutubi, akahitimu stashahada yake mwishoni mwa 1976 akiwa wa pili darasani, na aliyekuwa wa kwanza, marehemu hakuacha kumtaja kwa uchungu kwa miaka mingi.

Jumatatu tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa kuwa mkutubi msaidizi katika taasisi ya utafiti wa tiba. Maktaba ilikuwa ukumbi mrefu wa ghorofa ya chini wenye taa sita za mrija, mbili ndizo zilizokuwa zikiwaka, na dirisha moja lililotazama nyumba ya panya wa maabara. Harufu ya maranda na dawa ya kusafishia sakafu iliingia humo bila kubisha hodi. Marehemu alifanya kazi mita kumi na tano kutoka kwa panya mia tatu kwa muda wa miaka arobaini na moja, na hakuna siku aliyovuka kibaraza kilichokuwa kati yao kwenda kuwaona. Alisema anawafahamu vya kutosha kwa maandishi.

Kila makala ya utafiti iliyoingia katika jarida lolote aliitengenezea kadi yenye mistari mitano: nani, mwaka gani, kiumbe gani, jeraha gani, na mstari wa tano, ambao hakuujaza mpaka awe ameisoma makala yote, yalitokea nini. Kadi hizo alizipanga katika kabati la droo sitini. Daktari akihitaji jambo alimwendea yeye kwanza, kwa sababu kabati lilijibu polepole lakini yeye alijibu papo hapo. Ndipo akaitwa Bi Kadi, na jina likamganda hata kwa watoto wa jirani.

Ndoa yake nayo iliingilia mlango wa maktaba. Novemba 1980 kioo cha kaunta ya duka moja la saa kilivunjika na kumkata fundi wake kwenye kifundo cha mkono wa kulia, kikakata na mshipa mkubwa wa fahamu uendao vidoleni. Daktari wa upasuaji aliushona. Fundi akabaki na kidole gumba, cha shahada na cha kati ambavyo havikujua moto wala baridi, na fundi saa asiyehisi skrubu ya saa ni sawa na mpishi asiyeonja. Januari 1981 aliingia maktaba akaomba kitabu chochote kitakachomwambia atangoja mpaka lini. Bi Kadi alifungua droo, akasoma kadi kama nne, kisha akachukua rula na kumpima kutoka kwenye kovu mpaka ncha ya kidole. Alimweleza kwamba mshipa wa fahamu wa mkononi ukikatwa huota tena, lakini huota kwa mwendo wa milimita moja kwa siku, tena siku njema. Kwa hiyo ajiandae kusubiri miezi saba au minane, na arudi kila Jumamosi waangalie umefika wapi.

Kila Jumamosi fundi alirudi. Bi Kadi aligonga mkono wake taratibu kwa penseli, na pale fundi aliposema panamchonyota, ndipo mizizi mipya ilipokuwa imefika, akapaweka alama ya kalamu. Mdogo wake marehemu, aliyekuwa akija kumchukua dada yake wakaenda sokoni, aliwakuta hivyo wiki baada ya wiki, wamekaa kimya wakishikana mkono kwa sababu za kisayansi. Mwezi wa Juni mshipa ulikuwa kwenye kiungo cha pili cha kidole, na fundi akaposa. Alieleza kwamba ni heri aulize mapema, kwa maana ukishafika kwenye ncha huyu dada anaweza kusema utafiti umekwisha. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Septemba 1981, wiki tatu baada ya bwana harusi kuokota skrubu mezani akiwa amefumba macho. Tangu siku hiyo mdogo wake marehemu humwita Shemeji, na wasifu huu utamwita hivyo hivyo. Walijaliwa binti mmoja na mwana mmoja, na nyumba yenye saa kumi na nne ukutani ambazo hakuna hata mbili zilizokubaliana.

Sasa tunafika kwenye sehemu ya kitaalamu, na aliyeandika anaomba radhi, kwani alielezwa mara nyingi na bado anashika nusu. Kila seli ya mwili ina maagizo mengi ya kutengeneza hiki na kile. Kuanzia miaka ya elfu mbili watafiti walianza kufuatilia vipande vidogo mno viitwavyo maikro-RNA, ambavyo havijengi chochote. Kazi yake ni kunyamazisha. Bi Kadi alivifananisha na kiranja wa darasa, hajui kufundisha lakini anajua nani anyamaze ili mwalimu asikike. Mshipa wa mkono au wa mguu ukikatwa, baadhi ya vipande hivi huongezeka na vingine hupungua, na kutokana na hapo seli zinazouvika mshipa hujua kama ni wakati wa kusafisha uchafu au wa kuuongoza mshipa mpya uote. Basi wanasayansi wakajiuliza: tukimwongeza kiranja huyu, au tukimfunga yule mdomo, mshipa hautaota upesi na vizuri zaidi? Mtu aliyewahi kungoja milimita moja kwa siku pamoja na mchumba wake hangeweza kulipuuza swali hilo.

Mwaka 2008 Bi Kadi alianza jedwali lake la mwelekeo wa utafiti. Aliandika ni makala mangapi yametoka mwaka huo kuhusu maikro-RNA na kuota upya kwa mishipa, yametoka katika maabara zipi, na yamefuata kipande kipi. Mwaka wa kwanza yalikuwa matatu, akayasoma yote kwa siku moja. Miaka mitatu baadaye yalikuwa kumi na tisa, kisha yakafurika. Kompyuta mpya ya maktaba iliweza kutafuta muhtasari wa makala kwa sekunde chache na kujaza mistari minne ya kadi yenyewe. Mstari wa tano haikuweza kuujaza. Bi Kadi, akiwa peke yake na makala yakimwagika, aliuacha mstari wa tano uende zake. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona kama kuna cha kusema.

Machi 2016 alitoa taarifa yake. Makala mia mbili na kumi na mbili, na chati ya rangi aliyoichora kwa mkono kwenye karatasi ya miraba ikabandikwa ukumbini. Kipande kimoja kilikuwa kimewaacha wenzake mbali sana. Nguzo yake nyekundu ilipanda mpaka juu ya karatasi, na watu wakakiita Kinara. Mkuu wa maabara ya mishipa, ambaye kila mtu alimwita Daktari tu kana kwamba wengine walikuwa waganga wa kienyeji, aliipenda chati hiyo kupita kiasi. Aliiweka ukurasa wa kwanza wa ombi lake la kuwadunga Kinara wagonjwa kumi na wawili waliokatika mishipa ya mikono. Wagonjwa walikuwa wameshachaguliwa. Kamati ya kuidhinisha ingekaa Ijumaa tarehe 18 Novemba 2016 mbele ya wageni, na katika kikao hicho hicho Bi Kadi angepewa cheti cha heshima kwa utumishi wa karibu miaka arobaini. Nyumbani hapakulalika kwa furaha. Mdogo wake alikwisha kumpeleka kwa fundi kupimwa gauni.

Mwezi wa Oktoba, wakiwa mezani baada ya chakula, Bi Kadi alimweleza Shemeji habari za Kinara na makala yake mengi. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho huku akikaza mkanda wa saa ya mtu, kisha akauliza, "Kati ya hao panya wote, wangapi walitembea?"

Bi Kadi alisema hilo si swali la mwelekeo wa utafiti. Shemeji akasema yeye hajui mwelekeo, ila saa ikiletwa kwake haiponi kwa kuwa mafundi wengi wameizungumzia. Yeye huiweka sikioni asikie kama inakwenda. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za Shemeji zilikuwa zimebaki chache lakini safari hii zilitosha. Asubuhi yake Bi Kadi alikwenda kazini saa moja kasorobo, akaanza kuyasoma makala yote mia mbili na kumi na mbili kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho, na kuujaza mstari wa tano kwa mkono.

Ilimchukua wiki nne. Alikuta kwamba tafiti nyingi zilikuwa zimepima vipande hivyo vikipanda na kushuka ndani ya seli zilizooteshwa kwenye vyombo vya kioo, zikaishia hapo. Waliothubutu kumpa panya aliyeumia mguu vipande hivyo na kumtazama akitembea walikuwa thelathini na mmoja tu. Waliomtumia Kinara miongoni mwao walikuwa tisa. Na katika tano kati ya tafiti hizo tisa, panya waliopewa Kinara walichechemea sawasawa na wale ambao hawakupewa kitu. Baadhi ya makala aliyoyahesabu kwenye ile nguzo nyekundu yalikuwa yamemtaja Kinara ili kusema hayakuona faida yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na yeye alikuwa ameuhesabu mvumo.

Alhamisi tarehe 17 Novemba alikwenda ofisini kwa Daktari na kadi zake ndani ya sanduku la viatu. Daktari alizitazama tatu au nne. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuwaahidi wagonjwa kumi na wawili, na ahadi hiyo ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye kalenda ya ukutani. Alimwambia kwamba mambo hayo yatajadiliwa baadaye, kwamba tafiti nne zenye mafanikio si haba, kisha akasema kwa upole, "Bi Kadi, kesho ni siku yako. Usijiharibie."

"Daktari," marehemu alimjibu, "nilikwisha jiharibia tangu Machi. Kesho nataka kujitengeneza."

Mdogo wake alipoambiwa haya asubuhi ya Ijumaa, wakati anamfunga zipu ya gauni, alimsihi kama mtoto. Kwa nini asiwaambie Jumatatu, kwa barua, baada ya kupokea cheti chake? Miaka arobaini ya jina zuri, ndiyo ya kwenda kuimwaga mbele ya wageni? Bi Kadi alisema kwamba Jumatatu kamati itakuwa imeshapiga kura, na wale watu kumi na wawili hawana ndugu ndani ya chumba kile. Akaomba asaidiwe kutafuta viatu vyake. Mdogo wake anakiri mbele yenu kwamba alificha kimoja, na kwamba kilipatikana.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Alipoitwa kupokea cheti alikwenda mbele, akamshukuru mwenyekiti, akakiweka cheti mezani bila kukitazama, akaomba dakika mbili. Kisha akasema: "Chati mliyonayo nimeichora mimi, na inawadanganya. Nilihesabu makala yaliyomtaja Kinara. Sikuhesabu panya waliotembea. Tafiti zilizoona panya akitembea vizuri zaidi kwa ajili yake ni nne. Kuna watu kumi na wawili wanaongoja mikono yao, na mimi sipendi wadungwe kwa sababu ya penseli yangu ya rangi."

Mdogo wake, mstari wa pili, alitamani ardhi ipasuke immeze na mkoba wake. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpasuaji aliyekwisha kustaafu, aliuliza kama ana hakika. Bi Kadi alijibu kwamba amesoma yote mia mbili na kumi na mbili, na mara hii amesoma mpaka mwisho. Ombi likarudishwa, wagonjwa wakaendelea na upasuaji na mazoezi ya kawaida, na Daktari akatoka kwa mlango wa nyuma. Cheti kilibaki mezani mpaka watu walipokwisha kuondoka. Ndipo Bi Kadi akakichukua, akisema si kosa lake cheti, na mwandiko wake ni mzuri. Wakiwa njiani kurudi nyumbani mdogo wake alitembea hatua tatu nyuma kwa aibu. Aibu hiyo ilikaa siku mbili, kisha ikaondoka, na mahali pake pakaingia fahari ambayo haijaondoka mpaka leo hii anaposimama hapa.

Hilo ndilo kosa, na tarehe zake ni hizo. Marehemu mwenyewe alilieleza kwa ufupi zaidi: alisema amerudia kupanga vifungo kwa matundu.

Daktari alimnunia miezi minane. Walipishana kwenye korido ya taasisi kila asubuhi ya kazi, Bi Kadi akamsalimia kila asubuhi, na Daktari akapita kama upepo. Mdogo wake alimuuliza kwa nini anajidhalilisha kumsalimia mtu aliyemkazia uso. Alijibu kwamba Daktari ana haki ya kununa, lakini yeye hana haki ya kumnyima mtu salamu. Hata hivyo alikuwa na kadi. Msimshangae. Kadi hiyo ilisema: salamu zilizotolewa, mia moja sitini na moja, zilizojibiwa, hakuna.

Asubuhi moja ya Julai 2017 Daktari aliingia maktaba mwenyewe, akasalimia yeye kwanza, na kutandaza juu ya meza karatasi ndefu nyembamba zenye alama za nyayo ndogo. Kimyakimya alikuwa amewaagiza wanafunzi wake wafanye jaribio ambalo lilistahili kutangulia: kuchovya nyayo za panya kwenye wino na kuwaachia watembee juu ya karatasi, wale wa Kinara na wale wasiopewa kitu. Walizitazama nyayo hizo kwa muda mrefu. Hazikutofautiana. Daktari hakuomba radhi siku hiyo, wala Bi Kadi hakuitaka. Alimpa kiti na kumuuliza kama atakunywa chai. Tangu hapo kila kadi ya taasisi ilirudishiwa mstari wa tano, na jedwali la mwelekeo likaongezwa safu moja yenye neno moja na alama ya kuuliza: Alitembea? Chati mpya ilikuwa fupi sana kuliko ya zamani, hata wageni walidhani imekatwa. Ila nguzo zake mbili ndogo, za vipande ambavyo hakuna aliyekuwa akivitaja, zinaendelea kufuatiliwa mpaka sasa, na panya wake, kwa taarifa tulizonazo, wanatembea vizuri.

Alistaafu tarehe 8 Juni 2018 na kuhamishia sanduku la viatu nyumbani. Wajukuu walijifunza kuhesabu kwa kadi za mishipa, hata mmoja akamwambia mwalimu wake wa chekechea kwamba yeye bado hajaota mpaka mwisho.

Mwezi wa Juni 2022 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa kwa miezi sita, na dawa zikamtia ganzi kwenye ncha za vidole. Hakuweza kutenganisha kadi mbili zilizoshikana. Wengine tungelia, yeye alicheka mpaka akakohoa, akasema amesoma habari za mishipa miaka arobaini na sasa mishipa imekuja kumsoma yeye. Alimtuma binti yake, ambaye ni muuguzi, awaulize wagonjwa wenzake wodini ni wangapi wanashindwa kufunga vifungo vya shati, maana kwenye fomu za hospitali aliona wanaulizwa kama wana ganzi, hawaulizwi inawazuia nini. Binti aliuliza. Walikuwa kumi na mmoja kati ya kumi na wanane, na fomu ya wodi ile ikabadilishwa.

Ugonjwa ulirudi mwishoni mwa mwaka jana. Aliomba akae nyumbani, na nyumbani akakaa, kitanda kikiwa sebuleni ili aone watu wanaoingia. Alifariki Jumapili tarehe 12 Mei 2024, saa tisa na dakika ishirini mchana kwa saa zilizo nyingi, Shemeji akiwa amemshika mkono, binti na mwana wake wakiwapo, na mdogo wake akiwa jikoni anachemsha maji. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miezi kumi na moja.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja ambaye ni fundi umeme, wakwe wawili, wajukuu wanne, na mdogo wake wa kike, ambaye kuanzia Jumapili hana tena wa kumwita dada.

Orodha hiyo ndiyo iliyochapishwa, na ilipaswa kuishia hapo. Lakini Alhamisi baada ya chakula cha mchana Daktari alikuja nyumbani. Sasa ni mzee, anatembea kwa mkongojo. Alitoa pole, akakaa, akaomba kuusoma wasifu. Aliusoma wote, pamoja na sehemu inayomhusu, na hakutaka neno lolote lifutwe. Kisha akauliza kama nafasi bado ipo kwenye orodha ya waliofiwa. Mdogo wake marehemu alimweleza kwa heshima kwamba orodha hiyo ni ya ndugu, na hata ingekuwa si ya ndugu, aandikwe kama nani?

"Kama mtu aliyesahihishwa," Daktari akasema. "Wengine wote walioniona nimekosea walingoja nistaafu."

Akaambiwa kwamba nakala zimeshachapwa, mia moja na themanini, ziko kwenye maboksi pale mlangoni. Akaomba kalamu. Aliketi kwenye meza ya chakula tangu saa nane mpaka jua lilipokuwa linazama, akaandika mstari mmoja chini ya kila nakala kwa mkono wake, na kila aliyejitolea kumsaidia alimkatalia. Mlio na nakala mikononi mtauona. Mwandiko umepinda kidogo kuanzia katikati ya boksi la pili, alipochoka.

Dada yetu na apumzike, na amani ikae naye.